Makohozi na Mashine: Historia ya Kusafisha Njia ya Hewa kwa Vipumulio, 1928–1993

Historia ya vipumulio imezoeleka kusimuliwa kama historia ya kuingiza hewa mapafuni. Hata hivyo, milipuko ya polio inaonesha kwamba palikuwa na swali jingine lililo gumu zaidi: makohozi yatatolewaje kwa mgonjwa asiyeweza kukohoa?

Mwaka 1928, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw wa Chuo Kikuu cha Harvard walibuni pafu la chuma, yaani sanduku lililozunguka mwili wote isipokuwa kichwa, na lililopanua kifua kwa kupunguza shinikizo la hewa ndani yake. Mgonjwa aliyepooza misuli ya kifua pekee alinufaika. Aliyepooza koo pia alikabiliwa na hatari nyingine: mate na makohozi yalishukia mapafuni, naye aliweza kufa ndani ya mashine inayofanya kazi ipasavyo.

Udhaifu huo ulidhihirika Copenhagen mwaka 1952. Katika majuma matatu ya mwanzo ya mlipuko, wagonjwa 31 wa Hospitali ya Blegdam walitibiwa kwa vipumulio vya namna hiyo, 27 walifariki. Mwishoni mwa Agosti, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipendekeza koo litobolewe, mrija uingizwe, makohozi yafyonzwe kupitia humo, na hewa isukumwe kwa mfuko wa mpira. Kwa kuwa mashine za kufanya kazi hiyo hazikutosha, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliibonyeza mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vilipungua sana.

Katika miaka hiyo hiyo, nchini Marekani, Alvan Barach na wenzake walifuata njia isiyohitaji kisu. Kifaa chao kilijaza mapafu hewa kupitia barakoa, kisha kikageuza shinikizo ghafla kuwa la kunyonya, hivyo kuiga kikohozi. Kadiri utoboaji wa koo na ufyonzaji ulivyoenea, kifaa hicho kiliachwa, hadi kampuni ya J.H. Emerson ilipoleta sokoni kifaa cha aina hiyo mwaka 1993.

Kuachwa huko hakupaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa kushindwa. Mrija uliokoa maisha, lakini ulitatiza usemi na kufungua mlango wa maambukizi. Kwa wenye maradhi ya misuli, gharama hiyo ililipwa kwa miaka, ilhali njia mbadala ilikwisha kubuniwa.