Kwa nini dawa ya meno inalipiwa ushuru wa 25%, mashine ya daktari wa meno sifuri?

Makontena mawili yameshushwa Bandari ya Dar es Salaam. Moja limejaa dawa ya meno, jingine mashine za kutobolea meno za kliniki. La kwanza linadaiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. La pili, sifuri.

Hakuna aliyependelewa. Ndivyo ulivyopangwa Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), ulioanza kutumika mwaka 2005. Kwa kawaida malighafi na mitambo hulipa 0%, bidhaa ambazo bado zinahitaji kumaliziwa kiwandani 10%, na zilizo tayari kwa mlaji 25%. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha 35% kwa bidhaa kama fanicha na nguo. Dawa ya meno ikabaki kwenye 25.

Hesabu inavyopanda

Chukulia tyubu imefika bandarini kwa Sh1,000, ikiwa ni bei yake pamoja na bima na usafiri. Ushuru wa 25% ni Sh250. Halafu inakuja VAT ya 18%, ambayo haipigwi kwenye 1,000 bali kwenye 1,250. Hiyo ni Sh225 nyingine.

Jumla Sh1,475. Bila ushuru wa forodha ingekuwa Sh1,180. Yaani ushuru wa 250 umeongeza 295, kwa sababu kodi imetozwa juu ya kodi. Na bado ada nyingine, faida ya muuzaji wa jumla na ya mangi wa dukani.

Kiwanda kinapata nini?

Kinapata nafasi ya kupumua. Whitedent, kwa mfano, inatengenezwa Dar es Salaam na Chemi & Cotex. Mshindani wake wa kutoka China au India anaanza mbio akiwa na mzigo wa 25% mgongoni.

Lakini kiwanda nacho kinaagiza vitu. Dawa ya meno inahitaji kalsiamu kabonati, sorbitoli, floraidi, ladha ya mnanaa na tyubu zenyewe. Kila kinachoingia kwa 10% au 25% kinapunguza ile faida. Tyubu tupu ikihesabiwa kama bidhaa iliyokamilika, kiwanda kinabaki na ulinzi mdogo kuliko ule unaoonekana kwenye karatasi. Ndiyo maana wenye viwanda hupigania sana unafuu wa ushuru kwenye malighafi, pengine kuliko kuongezewa ushuru kwa washindani wao.

Kuna mlango mwingine pia. Kenya iko COMESA, kwa hiyo bidhaa ya Misri yenye cheti cha uasilia inaweza kuingia huko bila ushuru. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini iko SADC, hivyo ya Afrika Kusini nayo ina njia yake. Ile 25% inawabana zaidi walio nje ya kanda hizi.

Na kliniki je?

Huko sifuri ina maana, maana hakuna kiwanda cha nyumbani cha kulindwa. Kutoza 25% kwenye mashine za meno kungeishia kwenye bili ya mgonjwa anayeziba jino. Ila sifuri haimaanishi rahisi: mashine hununuliwa kwa dola au yuro, na shilingi ikishuka, bei inapanda bila forodha kugusa chochote.

(Mswaki wa mti, ule wa kutafuna, hauna habari na yote haya.)

Viwango vinaweza kubadilika kila mwaka. Nchi wanachama hupeleka maombi yao kabla ya bajeti za Juni, yakikubaliwa yanachapishwa kwenye Gazeti la EAC na kuanza kutumika Julai 1.