Nyaya Zinazopita Juu Yetu

Sisi watu wa Singida tuna swali la miaka mingi: iweje umeme upite juu ya mashamba yetu ya alizeti na mtama, halafu chini yake watu wawashe koroboi? Swali hilo lina majibu mawili, na wengi huyachanganya. Moja ni la hesabu, la pili ni la historia. Mimi ni mtu wa riwaya na elimu yangu iliishia sekondari, lakini ndugu msomaji, hesabu hii haihitaji profesa.

Mwaka 1827 mwalimu mmoja Mjerumani, Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi kufuli, alichapisha kitabu kuhusu umeme. Alichosema ni hiki: ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubania umeme usipite. Wakubwa wa elimu kwao hawakumjali, akaacha kazi yake Köln. Heshima ilimfikia mwaka 1841, Royal Society ya London ilipompa medali ya Copley. Leo kipimo cha ukinzani kinaitwa omu, kwa jina lake. Miaka hiyohiyo ya 1840 Mwingereza James Prescott Joule akaonyesha jambo la pili: joto linalozaliwa kwenye waya hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu.

Hebu tuchukue pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230. Gawa 1,000 kwa 230, unapata ampea 4.35 hivi. Gawa 230 kwa 4.35, unapata omu 53 hivi. Basi, umemaliza! Ukinzani huo ndio unaokunyooshea shati, maana kwenye pasi joto ndilo tunalolitaka. Lakini kwenye waya unaotoka bwawani hadi mjini, joto hilohilo ni hasara.

Sasa turudi nyumbani. Kituo cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na baada ya kupanuliwa kikafikia megawati 204. Mtera, megawati 80, ikafuata mwaka 1988. Vyote viko kwenye Mto Ruaha Mkuu. Viwanda vya Mwanza viko mbali huko, mamia ya kilomita. Ndipo katika miaka ya 1980 ikajengwa njia ya umeme ya msongo wa kilovoti 220 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Singida tukawa watu wa njiani.

Kwa nini msongo mkubwa hivyo? Tuseme waya wote una omu 10 na tunataka kupeleka megawati 100. Mafundi hutumia nyaya tatu na hesabu yao ni ndefu kidogo, lakini mwelekeo ni huohuo. Kwa kilovoti 33, ambazo hupita kwenye nguzo za kawaida, mkondo ni ampea 3,030. Zidisha kwa zenyewe, kisha kwa 10: karibu megawati 92 zinageuka joto njiani. Mwanza ingepata makombo! Kwa kilovoti 220 mkondo ni ampea 455 hivi na hasara ni megawati 2 tu na kidogo. Kwa kilovoti 400 ni ampea 250, hasara haifiki hata megawati moja. Ndiyo sababu katika miaka ya 2010 ikajengwa njia mpya ya kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, ikapita tena kwetu, nayo iliundwa kwa kilovoti 400 ingawa mwanzoni ilibeba 220. Na ndiyo sababu nyingine ya kilovoti 400 imetoka Singida kupitia Arusha hadi Namanga, ikatuunganisha na Kenya.

Basi jibu la kwanza ni hilo. Umeme ule hauwezi kuungwa kwenye taa ya mtu. Lazima ushuke kwanza kwenye kituo cha kupoza, kisha usambazwe kwa nguzo na transfoma ndogo. Hapo Ohm na Joule hawana ubishi.

Lakini hesabu inaishia hapo. Nguzo zielekee wapi kwanza, kiwandani au kijijini, hilo halimo katika kanuni ya Ohm. Ni watu waliokaa mezani wakaamua. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005 na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007, takriban miaka 20 baada ya nyaya kubwa kupita. Watoto waliozaliwa chini ya nyaya zile walikuwa watu wazima.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliposema Kanda ya Kaskazini itapata umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, watu wakauliza, je, Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 ni la nini? Hoja iliyotolewa ilikuwa upotevu njiani. Wengi walibisha bila kalamu, wengine wakakubali bila kalamu. Yote mawili ni hatari.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, mkiambiwa jambo haliwezekani, fanyeni kwanza hesabu. Ikikataa, nyamazeni. Ikikubali, ulizeni ni nani aliyeamua.