Fungu la Muda katika Waya Mmoja

Miaka michache iliyopita nilitaka kurekodi mazungumzo ya wazee wawili kwa kamera mbili zilizounganishwa na kompyuta moja itumiayo Linux. Kamera ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakataa, na kompyuta ikaandika kwamba hakuna nafasi iliyosalia katika chombo. Nikafuta mafaili mengi nikidhani diski imejaa. Nilikosa. Usemi ule umerithiwa kutoka Unix, ambako ulihusu diski kweli, ukaja kutumiwa pia kwa njia ya USB isiyokuwa na fungu la kugawa.

Asili ya ugawaji huu yafaa kuelezwa. Zamani takriban kila chombo kilikuwa na tundu lake mwenyewe. Kanuni ya USB ilipotolewa Januari 1996, vyombo hata 127 viliweza kushirikiana njia moja, ipitishayo biti milioni 12 kwa sekunde. Faili ikichelewa haidhuriki, lakini sauti ikichelewa imekwisha haribika. Kwa hiyo muda ulikatwa vipande vya milisekunde moja, na katika kila kipande si zaidi ya asilimia 90 iliyoweza kuahidiwa sauti, picha, na vyombo viulizwavyo kila baada ya muda maalumu, kama kipanya. Baki liliachiwa maagizo. Toleo la Aprili 2000 lilifikia biti milioni 480, likakata kila kipande mara nane, na kushusha kiwango cha ahadi hadi asilimia 80.

Chombo chenyewe hutaja mahitaji yake, kwa hali mbalimbali, na toleo hilo la 2000 lilishurutisha kwamba hali ya kwanza isidai fungu lolote la sauti wala picha. Kisha kiendeshi cha chombo huchagua hali, na kiendeshi cha njia hupiga hesabu: likitosha, huliandika, lisipotosha, hukataa.

FireWire, iliyowekewa kanuni mwaka 1995, haikuwa na bwana mmoja wa namna hiyo. Chombo kimoja kilitunza daftari lenye hesabu ianziayo 4915, na kila mhitaji alitoa fungu lake mwenyewe. Ikiwa mwenzake amemtangulia kuibadili hesabu, sharti aisome upya. Naona utaratibu huu ulikuwa wa kiungwana zaidi.

Tafsiri ya “kipimo data” hainiridhishi hapa, maana hapimwi mtu wala kitu: kinachowekwa ni fungu la muda, nalo huhesabiwa limetumika hata likilala bure. Hilo ndilo lililonisibu. Kamera yangu ya kwanza ilidai fungu kubwa kuliko haja yake, na kiendeshi kikaisadiki. Kiendeshi cha Linux kiitwacho uvcvideo kina hiari ya kutoisadiki kamera na kukadiria chenyewe, ikiwa picha hazikubanwa. Nilipoitumia, kamera ya pili ilifanya kazi. Lakini mzee mmoja alikuwa amekwisha kwenda zake.