Feni, Waya na Subira

Katika magari ya kale feni ilikuwa mtumwa wa injini. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1908, ilizungusha feni yake kwa mkanda. Mkanda ukilegea ulipiga kelele. Ukikatika, dereva aliuona kwa macho. Dalili ya mvua ni mawingu, na ubovu wa zama zile haukukosa mawingu yake.

Hasara yake ni kwamba feni ilikula nguvu ya injini hata pale upepo wa mwendo ulipotosha kuipoza rejeta. Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960 na kushinda Safari Rally mara nne, ilikuwa na feni iliyonaswa kwa sumaku ya umeme pale tu maji yalipopata moto. Mwaka 1969 Fiat wa Italia walileta 128, kazi ya mhandisi Dante Giacosa. Injini yake ililazwa kwa upana, rejeta ikabaki mbele. Basi feni ikapewa mota yake yenyewe. Volkswagen Golf ya mwaka 1974 ilifuata njia hiyo hiyo.

Tangu hapo ubovu ulijificha ndani ya waya. Gari hukimbia barabarani bila tatizo, kwa kuwa upepo unaipoza. Likifika kwenye foleni, au likijikokota nyuma ya lori katika mlima wa Kitonga, linachemsha. Na huko Iringa, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Gasketi ikiungua, au injini ikinoki, familia iliyokuwa ikila kwa gari hilo hulala njaa.

Nilipata kumwona fundi mmoja akimuuzia mwenye pikapu mota mpya. Feni haikuzunguka. Baada ya siku mbili fundi mwingine alikuta waya wa ethi umeliwa na kutu mahali ulipofungwa kwenye bodi. Mota ya kwanza ilikuwa nzima.

Fundi huyu wa pili alifuata utaratibu. Kwanza aliiacha injini ipoe, akaweka mikono mbali na feni, maana ya umeme yaweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Akatazama fyuzi. Akawasha swichi ya gari, akaunganisha nyaya mbili za swichi ya joto iliyo kwenye rejeta: kama feni ingezunguka, swichi hiyo ndiyo mbovu. Haikuzunguka, lakini rilei ililia "tik". Akapima kwa taa ndogo kwenye soketi ya mota: umeme ulifika. Ikabaki njia ya kurudi kwenye betri, na hapo ndipo alipoikuta kutu. Kazi yote haikuzidi nusu saa.

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu, niliwaona walimu wengi vijana wakiandika kwamba mtoto fulani ni mzito. Niliwauliza: Je, anasikia vizuri? Anaona ubao? Amekula asubuhi? Mara nyingi walirudi darasani kuchunguza, wakamhamishia mtoto dawati la mbele, naye akaanza kusoma.