Ataingia chuo au haingii? Historia fupi ya hesabu ya pointi

Leo programu tuziweke kando kidogo tuzungumze historia.

Matokeo ya KCSE yakitoka, sisi tunaojulikana mtaani kuwa watu wa kompyuta hupata kazi ya ziada. Mzazi wa Msambweni au Ukunda huja na alama za mwanawe na swali moja tu: ataingia chuo kikuu? Kumjibu sawasawa, yafaa kujua hesabu hii imetoka wapi.

KCSE ya kwanza ilifanywa 1989. Kwa miaka mingi, nafasi za vyuo vya umma ziligawiwa na bodi ya pamoja, JAB. Kiwango cha kustahili kilikuwa C+, lakini JAB iliangalia pia vitanda vilivyokuwepo vyuoni. Mtoto wa Kwale mwenye B- aliweza kustahili na bado akaachwa. Hata waliochaguliwa, wengine walikaa nyumbani karibu miaka 2 wakingoja zamu.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo ya kujilipia. Marekani, Harvard hupokea maombi ya mapema kufikia Novemba. Kwetu, kuingia mapema kukawa ni kwa mwenye pesa.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaleta KUCCPS badala ya JAB. Katika KCSE ya 2016, waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929, na nafasi zilitosha wote. Swali likageuka: ataingia kozi gani?

Hapo ndipo inakuja fomula iliyozoeleka mashuleni. Chukua pointi za masomo 4 ya kozi, gawanya kwa 48. Chukua jumla ya masomo 7, gawanya kwa 84. Zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuijaribu. Mwenye 40 katika masomo 4 na jumla ya 60 anapata 37.03. Akiongeza pointi 4 nje ya masomo ya kozi, jumla inakuwa 64 naye anafika 38.25. Akiziongeza ndani ya masomo ya kozi, anafika 40.11! Umeona? Pointi ya somo la kozi huhesabiwa mara mbili.

Sasa fikiria anayetaka uhandisi kutoka shule isiyo na maabara ya maana. Kila pointi ya Fizikia anayoikosa humuumiza mara mbili, na fomula haiulizi kama alipata vifaa.

Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE 2027. Kama unaye mmoja nyumbani, mwulize anataka kozi gani, kisha tafuteni masomo yake 4. Hayo ndiyo ya kukazania kwanza, kabla ya mtihani, kwa sababu matokeo yakishatoka kazi yangu ni kukokotoa tu.