Keki ya Victoria na Uokaji Wake Doldol

Keki ya Victoria ni keki ya Kiingereza yenye tabaka mbili za sponji, ambazo huokwa mbalimbali, kisha hubandikwa moja juu ya nyingine kwa jamu, na uso wa juu ukanyunyizwa sukari laini. Viungo vyake vya asili ni vinne tu, yaani siagi, sukari, mayai na unga wa ngano, navyo hutiwa kwa uzani ulio sawa. Na katika kanuni hiyo ya usawa ndimo ilimo sifa yake, na ndimo itokamo taabu yake pia, hususan kwa mtu anayeioka mahali palipoinuka sana kupita usawa wa bahari, kama vile Doldol, mji mdogo wa Mukogodo katika kaunti ya Laikipia, ulio mwendo wa kilomita 50 hivi kaskazini ya Nanyuki.

Asili yake. Jina ni la Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza tangu 1837 hata 1901. Desturi ya kunywa chai ya alasiri pamoja na vitafunio aghalabu hunasibishwa na Anna, mke wa Duke wa saba wa Bedford, ambaye mnamo 1840 hivi alizoea kuletewa chai na mkate chumbani mwake, kwa kuwa chakula cha usiku cha wakubwa wa zama zile kilichelewa mno na tumbo halikuweza kungoja. Sponji za Ulaya za kabla ya hapo hazikuwa na siagi. Ziliumuka kwa hewa iliyopigwa ndani ya mayai na sukari, kama uumukavyo mkate wa mayai wa Unguja, Mombasa na Lamu, ambao hata leo hupikwa kwa makaa chini na makaa juu, na ambao mwandishi huyu hauoni kuwa umepungukiwa na chochote mbele ya mwenzake wa Kiingereza. Siagi ina ladha lakini ni nzito, na keki yenye siagi nyingi haikupata wepesi wake wa leo ila baada ya Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, kuvumbua baking pauda mwaka 1843, kwa ajili ya mkewe ambaye tumbo lake halikustahimili hamira.

Hata hivyo Isabella Beeton, alipochapisha kitabu chake mashuhuri cha mambo ya nyumbani mwaka 1861, aliagiza mayai manne, na siagi, sukari na unga kwa uzani wa mayai hayo, pamoja na chembe za chumvi na jamu ya kupaka kati, wala baking pauda hakuitaja kamwe. Na keki yake haikuwa duara, bali ilikatwa vipande virefu mfano wa vidole, vikapangwa sahanini kwa kupishana. Umbo la mviringo na uumukaji wa leo ni mambo yaliyokuja nyuma. Katika maonyesho ya vyama vya wanawake wa vijijini vya Uingereza, ambako keki hii huhukumiwa kwa ukali usiopungua ule wa mahakamani, jamu sharti iwe ya raspberi, krimu isiwemo, na alama za wavu wa kupozea zisionekane usoni.

Kufika kwake Mlima Kenya. Malkia huyo huyo ndiye aliyekuwa kitini wakati Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika ya Mashariki mwaka 1895. Wamaasai walipoondolewa Laikipia kwa mapatano ya 1911, ambayo wengi wao hawakuyaona kuwa ni mapatano na wakayapeleka kortini mwaka 1913 bila ya kufanikiwa, nyanda zile zikagawiwa walowezi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaongezwa askari waliostaafu kwa mpango wa 1919. Nanyuki ikaota kuwa mji, na reli ikaufikia mwaka 1930. Huko Nyeri hoteli ya Outspan ilifunguliwa 1928, na ndani ya uwanja wake ndimo alimojengewa nyumba Baden-Powell, mwasisi wa Skauti, aliyekaa hapo tangu 1938 hata alipofariki Januari 1941. Katika nyumba na hoteli za namna hiyo chai ya alasiri ilikuwa kama faradhi, na keki ilikuwa mezani. Lakini mikono iliyoioka aghalabu haikuwa ya mabibi wenye nyumba. Ilikuwa ya wapishi wa Kiafrika, walioupima moto wa jiko la chuma la kuni kwa kutia kiganja ndani na kuhesabu kimoyomoyo, na ambao vitabu vya mapishi vya walowezi viliwataja kama watu wa kuamrishwa tu, ilhali ustadi ulikuwa wao.

Uokaji uliingia katika nyumba za wenyeji kwa njia ya misheni na shule, na baada ya 1952 kwa vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyofundisha mapishi pamoja na ushonaji na ulezi wa watoto. Doldol, kwa insafu, Uingereza haikujulikana kwa keki. Ilijulikana zaidi kwa majeshi yake yafanyayo mazoezi katika malisho yale, na kwa mabomu yaliyoachwa bila kulipuka, ambayo kwa ajili yake serikali ya Uingereza ilikubali mwaka 2002 kuwalipa fidia Wamaasai na Wasamburu waliodhurika. Keki ilifika kwa duka, kwa wasichana waliorudi kutoka shule za bweni, na kwa harusi.

Kimo na hewa. Kanuni ya uzani ulio sawa ilitungwa na watu wakaao karibu na usawa wa bahari, nayo haikuwajua wakazi wa mlimani. Nanyuki iko kimo cha mita 1,950 hivi, na Doldol iko katika nyanda hizo hizo za juu. Huko maji huchemka kwa nyuzi 93 au 94 badala ya 100, na uzito wa hewa juu ya kila kitu ni mdogo kuliko ule wa Mombasa. Gesi ya baking pauda, isipokandamizwa na hewa nzito, hupanuka kwa pupa, keki ikapanda kabla ya mayai kuganda na unga kushikamana, kisha, kwa kukosa nguzo za kuishikilia, ikashuka katikati na kufanya bonde. Maji nayo hukauka upesi, na kwa kupungua kwake sukari huzidi nguvu katika mchanganyiko, na sukari iliyozidi huyachelewesha mayai kuganda. Hivyo kasoro mbili husaidiana kuiangusha keki moja. Mwokaji wa mara ya kwanza aghalabu huzidisha baking pauda akidhani kwamba keki haikuumuka, na kumbe iliumuka kupita kiasi, naye akimaliza kuzidisha huipata mbaya zaidi.

Dawa ni kuuvunja usawa kwa makusudi. Kwa keki ya mayai manne, ambayo pwani ingetaka gramu 225 za kila kiungo na vijiko vitatu vya chai vya baking pauda kwa unga wa kawaida, Doldol baking pauda hupunguzwa hata vijiko viwili na robo, sukari hupunguzwa vijiko viwili vya mezani, maziwa huongezwa vijiko vitatu vya mezani, na moto huzidishwa kidogo kupita ule wa nyuzi 180 unaoandikwa vitabuni, ili keki ishike mapema. Siagi na unga hubaki vilivyo.

Mizani. Vitabu vingi vya leo hupima kwa vikombe, na hapo ndipo keki hii huharibiwa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mayai hayalingani. Mayai manne ya kuku wa gredi, yakipimwa pamoja na maganda yake, hufikia wakia nane, ambazo ni nusu ratili, ama gramu 225 na zaidi. Lakini manne ya kuku wa kienyeji, ambayo ndiyo yenye kiini cha rangi nzuri na ndiyo yapendwayo, huenda yasizidi gramu 180. Atakayetia sukari na siagi ya wakia nane juu ya mayai ya kienyeji manne atapata kitu kizito chenye kutoa mafuta. Bibi Beeton alikuwa na hekima katika jambo hili: hakuandika hesabu ya wakia, aliandika uzani wa mayai. Mwenye mizani ya zamani ya vitanga viwili hahitaji hata mawe ya kupimia. Huweka mayai katika kitanga kimoja, akamimina sukari katika cha pili hata vitanga vikae sawa, kisha akaitoa sukari na kuweka siagi, na hatimaye unga, na mayai ndiyo yaliyokuwa mawe. Marekebisho ya kimo hufanywa baada ya hapo.

Siagi na unga. Siagi iwe laini ya kupokea alama ya kidole, wala isiyeyuke. Samli, ambayo mpishi wa pwani angeikimbilia, haifai hapa, kwani imekwisha kutolewa maji yote na haishiki hewa kama siagi. Majarini ya mkebe hutumika sana, nayo huumua vizuri na ni nyepesi kupiga, ila ladha yake haisemi lolote. Ngano hulimwa karibu, Timau, baina ya Nanyuki na Meru. Hata hivyo unga wa dukani, ambao hukusudiwa chapati na mandazi pia, una nguvu kuliko ule wa keki wa Uingereza, na mpishi mwangalifu huchota vijiko viwili vya mezani vya unga huo na kuweka wanga wa mahindi mahali pake.

Kuchanganya. Siagi na sukari hupigwa pamoja kwa mwiko hata rangi igeuke kutoka manjano kuwa karibu nyeupe, jambo ambalo kwa mkono huchukua robo saa na zaidi. Hapa pasifanywe haraka, maana punje za sukari zinapopita katika siagi huchonga vijishimo vya hewa, na baking pauda haina uwezo wa kuumba vijishimo vipya. Hupanua vile ilivyovikuta. Mayai hupigwa kidogo, yakamiminwa kwa awamu, na yasiwe ya baridi, kwani yai lililotoka katika ubaridi wa asubuhi ya Laikipia huigandisha siagi na mchanganyiko ukakatika. Ukianza kukatika, kijiko cha unga huurudisha. Unga uliochekechwa pamoja na baking pauda na chumvi hutiwa mwisho, ukageuzwageuzwa taratibu kutoka chini kuja juu bila kupigwa, pamoja na maziwa.

Moto. Wasio na oveni huoka katika sufuria. Sufuria kubwa nzito hutiwa mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, ikafunikwa na kuwekwa juu ya jiko la makaa robo saa hata mchanga uwake. Mkebe wa keki, uliopakwa siagi na kutandikwa karatasi, hukalishwa juu ya vijiwe vitatu ili usigusane na mchanga, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko, mengi kuliko yaliyo chini, kwa kuwa joto hupanda na mchanga umekwisha kuhifadhi la kwake. Jiko huwekwa penye kizuizi cha upepo, ambao katika nyanda zile huweza kuyachochea makaa ya upande mmoja na kuiinamisha keki.

Ila sufuria huchukua mkebe mmoja tu, na keki ina tabaka mbili. Baking pauda huanza kazi mara inapolowana, hivyo nusu inayongoja zamu yake jikoni hupoteza pumzi, na tabaka ya pili hutoka fupi na ngumu kuliko ya kwanza. Wengine huioka yote pamoja katika mkebe wenye kina, wakaikata katikati kwa uzi uliovutwa. Njia hiyo huivunja sponji na huiacha mbichi kati. Lililo bora ni kugawa siagi, sukari na mayai yaliyokwisha kupigwa katika mabakuli mawili, na kutia unga wa bakuli la pili pale tu tabaka ya kwanza inapokaribia kutoka. Kifuniko kisifunuliwe kabla ya dakika 20. Keki iliyoiva huachana na kingo za mkebe, huinuka ikibonyezwa kwa kidole, na kijiti kikavu kikichomwa kati hutoka kisafi.

Kuipamba. Baada ya kupoa kabisa, tabaka ya kwanza hugeuzwa uso chini, ikapakwa jamu. Raspberi ni adimu katika maduka ya Nanyuki, na jamu ya plamu yenye ukali kidogo huchukua nafasi yake kwa heshima. Ya stroberi huwa tamu mno. Asali ya msitu wa Mukogodo, ambako Wayaaku wamefuga nyuki tangu zama za mababu zao, huingia katika sponji na kuilowesha, hivyo haifai kupakwa peke yake, lakini ikipigwa pamoja na siagi kwa kiasi cha kijiko kimoja kwa vitatu, hukaa. Jaji wa maonyesho ya Kiingereza angeikataa, na hapo angekuwa amekosa. Juu hunyunyizwa sukari laini peke yake. Keki huliwa siku hiyo hiyo, na iliyobaki huwekwa ndani ya mkebe wenye kifuniko, upande uliokatwa ukielekezwa ukutani mwa mkebe, kwa kuwa hewa kavu ya Laikipia huanza kuikausha pale kisu kilipopita.