Haidrojeni ya Jua: Safari ya Perovskaiti kutoka Ural hadi Lausanne

Katika historia ya kutoa haidrojeni majini kwa nguvu za jua, mwaka 1839 una nafasi ya pekee, kwani ndipo Mjerumani Gustav Rose alipoeleza madini mapya ya Milima ya Ural, akayaita perovskaiti kwa heshima ya Mrusi Lev Perovski, na ndipo Mfaransa Edmond Becquerel, kijana wa miaka 19, alipogundua kwamba mwanga ukiangukia elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme, zilizotumbukizwa katika kimiminika huzalisha umeme. Ilipita zaidi ya miaka 160 kabla ya njia hizo mbili kukutana.

Elektrolisisi, yaani kuyatenganisha maji kwa umeme kuwa haidrojeni na oksijeni, ilijulikana tangu 1800. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba mwanga wenyewe waweza kuisukuma kazi hiyo kwa elektrodi ya titani dioksaidi, ingawa kemikali hiyo hunasa miale ya urujuanimno tu, ambayo ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua.

Ugumu mkubwa ulikuwa katika volti, yaani kipimo cha msukumo wa umeme. Maji hayatengani chini ya volti 1.23, na kwa vitendo huhitaji zaidi, ilhali seli moja ya silikoni, kama zile za paneli za kawaida, hutoa takriban 0.7, hivyo kulazimu kuunganisha seli tatu au nne mfululizo. Perovskaiti ilileta nafuu hapo. Si jiwe lile la Ural, bali fuwele zinazotengenezwa maabara kwa mpangilio uleule wa atomi, ambazo Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walizitumia mwaka 2009 kugeuza 3.8% tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme, lakini seli za aina hiyo zinaweza kutoa volti moja hivi kila moja.

Mwaka 2014, katika maabara ya Michael Grätzel mjini Lausanne, Uswisi, seli mbili tu za aina hiyo zilitosha kuyatenganisha maji, na 12.3% ya nishati ya jua ikahifadhiwa katika haidrojeni. Uzito wa kazi hiyo haumo katika asilimia, kwa kuwa Wamarekani walikwisha kufikia kiwango kama hicho mwaka 1998 kwa seli ghali za galiamu na vichocheo vya platinamu. Umo katika nikeli na chuma, metali za bei nafuu zilizochukua nafasi ya platinamu kama vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila kuisha. Vichocheo hivyo vilistahimili, lakini seli zenyewe zilianza kudhoofika baada ya saa chache.